Ushirika wa Wanafunzi Wakristo Ughaibuni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nilisoma nje miaka mitano, na miwili ya mwisho nilikuwa kwenye timu ya kupokea wageni katika ushirika wa wanafunzi chuoni kwetu. Maswali haya ndiyo niliyokuwa nikiulizwa, mengine mlangoni, mengine usiku wa manane kwa ujumbe wa simu, na mtu ambaye mchana asingethubutu kuyatamka. Nimeyajibu ninavyoyaona mimi. Yaliyonigusa nimeyaandika kwa kirefu. Yale ambayo mstari mmoja unayatosha nimeyapa mstari mmoja.

Ushirika wa wanafunzi ni kitu gani hasa? Una tofauti gani na kanisa?

Ni wanafunzi wenyewe kwa wenyewe. Wanakutana chuoni, mara nyingi jioni moja ya katikati ya wiki, wanasoma Biblia, wanaimba, wanaomba, kisha wanakaa kupiga soga mpaka mlinzi aje kufunga jengo. Hakuna ubatizo wala harusi, na mara nyingi hakuna hata mchungaji. Viongozi ni wanafunzi wanaobadilishwa kila mwaka, na nyuma yao kuna mlezi mmoja anayezunguka vyuo kadhaa. Ndiyo maana ushirika wenye akili timamu utakuhimiza utafute na kanisa. Kanisani utakaa karibu na bibi wa miaka themanini na mtoto anayelilia chupa yake. Ushirika utakupa watu wenye mtihani uleule wa Jumatatu. Unawahitaji wote.

Jambo lenyewe ni la zamani. Wanafunzi wa Cambridge, Uingereza, waliunda umoja wao mwaka 1877 na upo mpaka leo. Mwaka 1895 viongozi wa wanafunzi kutoka nchi mbalimbali walikutana Vadstena, Sweden, wakaanzisha Shirikisho la Dunia la Wanafunzi Wakristo. Mmoja wao, John R. Mott, alikuja kupata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1946. Mwaka 1947, kwenye mkutano uliofanyika Chuo Kikuu cha Harvard, harakati za kiinjili za nchi 10 ziliungana zikaunda IFES, yaani Ushirika wa Kimataifa wa Wanafunzi wa Kiinjili, ambao leo ina vikundi katika nchi zaidi ya 160. Hilo jina la IFES lishike, utalihitaji kwenye swali linalofuata.

Nitaupataje kabla sijasafiri?

Wengi hupotea kwa sababu wanatafuta jina walilolizoea. Kila nchi ina lake. Anza na tovuti ya IFES, bonyeza nchi unayokwenda, uone harakati ya huko inaitwaje. Uingereza ni UCCF, na kikundi cha chuo chenyewe huitwa CU, kifupi cha Christian Union. Marekani na Canada ni InterVarsity. Ujerumani ni SMD, Ufaransa ni GBU, Australia ni AFES, Japani ni KGK. Nje ya IFES kuna Cru, iliyoanzia chuo kikuu cha UCLA huko California mwaka 1951, na kuna Navigators. Uingereza kuna pia Friends International, ambao kazi yao hasa ni wanafunzi wageni.

Ukishapata anwani, andika ujumbe mfupi: jina lako, kozi, tarehe ya kufika, na swali moja linalojibika. "Mnakutana siku gani?" linajibika. "Naombeni mnisaidie kwa kila kitu" halijibiki, na anayelisoma ni mwanafunzi wa mwaka wa pili ambaye naye ana ripoti ya maabara haijaisha. Usipojibiwa usidhani umekataliwa. Anwani nyingi zilizoko mtandaoni ni za viongozi wa mwaka juzi waliokwisha kuhitimu na kuondoka na neno la siri. Jaribu ofisi ya kasisi wa chuo. Vyuo vingi vinayo, na wao huwa wanajua nani anakutana wapi, hata vikundi ambavyo havina ukurasa wowote.

Jambo la mwisho ni kalenda. Wiki ya kupokea wapya huwa na maonyesho ya vikundi vya wanafunzi, kila kikundi na meza yake, na hiyo ndiyo wiki pekee ya mwaka ambayo kila mtu chuoni anatafuta rafiki waziwazi bila aibu. Marekani ni mwishoni mwa Agosti, Uingereza ni Septemba kuelekea Oktoba, Ujerumani mihadhara huanza Oktoba, Japani mwaka wa masomo huanza Aprili, na Australia ni Februari au Machi. Kama unaweza kupanga safari ufike kabla ya wiki hiyo, panga.

Nimeshafika, na muhula uko katikati. Nimechelewa?

Hapana. Nenda wiki hii. Ukisubiri muhula mpya utapata sababu nyingine ya kusubiri.

Siku ya kwanza itakuwaje?

Nikusimulie yangu. Nilifika mapema, nikasimama nje ya mlango nikijifanya kusoma tangazo la mashine za kufulia lililobandikwa ukutani. Nililisoma mara nne. Ndani watu walikuwa wanacheka, na kicheko cha watu wanaofahamiana, ukiwa nje ya mlango, ni kama ukuta wa pili. Nilikuwa nimeshaanza kurudi kwenye ngazi pale binti mmoja alipotoka na mabirika mawili ya umeme. Hakuniuliza kama nimekuja kwenye ushirika. Alininyooshea birika moja: "Nisaidie na hili, bomba liko mwisho wa korido." Tukajaza maji, tukarudi, nikaingia mle ndani nimeshika birika kama mwenyeji, na watu wakanipisha nipite.

Miaka mitatu baadaye, nilipowekwa kwenye timu ya mapokezi, hiyo ndiyo mbinu pekee niliyokuwa nayo. Mtu anayebabaika mlangoni usimwulize maswali. Mpe kitu ashike.

Ya kawaida ni haya: utabandikwa karatasi yenye jina lako kifuani, huenda limekosewa herufi. Utaulizwa unasoma nini na umetoka wapi, na watu kumi tofauti, na kufikia wa saba utakuwa unajibu kama kanda. Kutakuwa na nyimbo, fundisho la nusu saa hivi, vikundi vidogo, halafu chai. Hiyo chai usiikimbie. Sehemu ya ratiba iliyoandikwa unaweza kuipata hata kwa kutazama kwenye simu ukiwa kitandani. Watu utawapata baada ya "amina" ya mwisho, wakati viti vinapangwa.

Lugha yao naielewa darasani, lakini wakianza kuomba napotea. Nifanyeje?

Wakristo kila mahali wana lugha ndani ya lugha. Fikiria mgeni aliyejifunza Kiswahili kwa vitabu, halafu anaingia kwenye maombi anasikia mtu "ana mzigo" na mwingine "amefunguliwa". Atadhani mmoja ni mpagazi na mwenzake katoka jela. Nawe ndivyo utakavyokuwa huko, kwa muda. Hakuna darasa la lugha linalofundisha neno la "neema" au "toba".

Dawa yake ni ya kawaida tu. Uliza mapema ni sura gani itasomwa, uisome kwanza kwa Kiswahili, Biblia ya Muungano au tafsiri yoyote unayoipenda, kisha uisome kwa lugha yao. Baada ya miezi miwili msamiati utakuwa umekaa wenyewe. Na zamu ya kuomba ikikufikia, omba kwa Kiswahili. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo niliogopa nitaonekana najitenga. Ikawa ndiyo siku ambayo wenzangu wawili, kila mmoja wa bara lake, nao waliacha kuomba kwa lugha ya kuazima. Kiongozi wetu hakuelewa hata neno moja jioni ile na hakuonekana kujali.

Wanaabudu tofauti kabisa na nilivyozoea. Ni kama wamepoa.

Au wamepamba moto mno, inategemea umetoka wapi. Nimekuwa na mgeni aliyeondoka kwa sababu hakukuwa na ngoma na mwingine aliyeondoka wiki hiyohiyo kwa sababu ya gitaa. Mimi mwenyewe niliwahukumu muhula mzima kwa sababu walikuwa wakiomba macho wazi, karatasi mkononi, wakisoma hoja moja moja kama mkutano wa bodi. Baadaye niligundua kwamba ile karatasi walikuwa wanakwenda nayo vyumbani na kuendelea kuombea majina yaliyomo wiki nzima. Jina langu lilikuwemo tangu Oktoba.

Vumilia muhula mmoja kabla hujatoa hukumu. Ukiona roho yako bado ina kiu, tafuta kanisa la Jumapili lenye ibada unayoifahamu na ushirika ubaki kuwa wa katikati ya wiki.

Mimi ni Mkatoliki, au Msabato, au Morthodoksi. Nafasi yangu iko wapi?

Vikundi vya IFES hupokea watu wa madhehebu yote, ila msingi wao ni wa kiinjili na utausikia kwenye mafundisho. Wakatoliki wana vituo vyao: Marekani vingi huitwa Newman, jina lililoanza kutumika Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1893, na Ujerumani kuna KHG. Waprotestanti wa Ujerumani wana ESG. Nazitaja hizi mbili za Ujerumani kwa sababu nyingine pia: zina utamaduni wa muda mrefu wa kuwasikiliza wanafunzi wageni waliokwama kifedha, na katika miji mingi huwa na mfuko wa dharura. Waorthodoksi wa Marekani wana OCF, na Wasabato wana huduma yao ya vyuo. Nimewaona watu wakihudhuria misa yao Jumapili na kujifunza Biblia na wengine Jumatano, na mbingu hazikuanguka.

Nijiunge na kikundi cha watu wa lugha yangu, au cha mchanganyiko?

Hili ndilo swali lililozua mabishano kuliko yote, na jibu langu lilibadilika kadiri miaka ilivyokwenda.

Mwanzoni nilikuwa mkali. Nilisema: hukusafiri maelfu ya kilomita uje kukaa na watu uliowaacha. Niliona wenzangu wakimaliza shahada bila rafiki hata mmoja mwenyeji, kila Jumapili wakipanda basi saa nzima kwenda kwenye ibada ya Kiswahili na kurudi usiku. Nikawasema. Halafu nikaugua, wiki mbili kitandani, homa ya juu, na nikagundua kwamba mtu mwenye homa hana lugha ya pili. Aliyekuja na kukaa pembeni ya kitanda akanisikiliza nikilalamika kwa Kiswahili alikuwa mmoja wa wale niliokuwa nikiwasema.

Kwa hiyo siku hizi nasema vyote viwili, lakini kwa mpangilio. Miezi sita ya kwanza mchanganyiko uwe wa kila wiki na watu wa lugha yako wawe wa mara moja moja. Sababu ni kwamba mlango wa mchanganyiko hufunga mapema: watu wakishapata marafiki wao huacha kutafuta, bila ubaya wowote. Wa lugha yako watakupokea hata ukienda mwaka wa tatu, japo watakutania kwanza.

Kuna njia ya tatu ambayo wengi hawaijui. Vikundi vingi vya mchanganyiko vina tawi la wanafunzi wageni, watu wa nchi ishirini ndani ya chumba kimoja, kila mmoja akiongea lugha ya huko kwa makosa yake. Mahali ambapo kila mtu anakosea, aibu hufa haraka sana.

Itanila muda kiasi gani? Nimekuja kusoma.

Jioni moja kwa wiki na saa moja ya kikundi kidogo. Zaidi ya hapo ni hiari yako, na kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ningesema isizidi. Hatari huwa kubwa kwa wale wenye vipaji. Ukijulikana unapiga kinanda utaombwa Jumatano, Ijumaa, Jumamosi mazoezi na Jumapili mara mbili. Msimamizi wako wa utafiti hatakubali maelezo kwamba ulikuwa kwenye huduma, na atakuwa na haki.

Kuna malipo? Na je, naweza kulipwa kwa huduma?

Kiingilio ama hakuna ama ni kidogo tu cha mwaka. Kambi na mafungo hulipiwa, lakini karibu kila kikundi kina fungu la kusaidia wasioweza. Uliza kimyakimya, mapema, kabla nafasi hazijajaa. Kuhusu kulipwa, uwe mwangalifu. Kanisa likitaka kukulipa upige muziki, nenda kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni ukaulize viza yako inaruhusu nini. Uingereza, kwa mfano, viza ya mwanafunzi hairuhusu kujiajiri wala kufanya kazi ya utumbuizaji. Bahasha ya shukrani isije ikakugharimu shahada.

Nakwenda nchi yenye masharti makali ya dini. Nifanyeje?

Soma sheria kabla ya kupanda ndege, na usiwe shujaa kwa gharama ya wenyeji. China, chini ya kanuni zilizotolewa 1994, mgeni anaweza kuhudhuria ibada kwenye nyumba za ibada zilizosajiliwa, lakini haruhusiwi kuanzisha taasisi ya dini wala kuwatafuta wenyeji wawe waumini. Baadhi ya ibada za wageni huomba kuona pasipoti mlangoni. Urusi ina sheria ya Julai 2016 inayobana kile inachokiita shughuli za kimisionari, na wageni wamewahi kutozwa faini na hata kuondolewa nchini. Kuwait na Qatar makanisa yapo na hujaa, ila ibada kubwa ni Ijumaa, siku ya mapumziko. Saudi Arabia haina kanisa la wazi kabisa.

Mwanafunzi mgeni akikosea hupandishwa ndege. Mwenyeji aliyekuwa naye hubaki. Kabla ya kupiga picha ya pamoja na kuiweka mtandaoni, mkumbuke huyo.

Nitajuaje kama kikundi hakifai?

Wanaowinda wapweke wanajua wapweke wako wapi. Mgeni wa wiki ya pili, anayekula peke yake, ndiye wanayemwendea kwanza.

Kikundi safi hujitaja jina siku ya kwanza. Ukialikwa "kujifunza Biblia tu", na ukiuliza ni kanisa gani ukaambiwa utajua wakati ukifika, umeshajibiwa. Angalia pia upendo unaokuja kama mafuriko: wiki moja hujafika unaitwa ndugu wa damu, unapigiwa simu mara tatu kwa siku, unaletewa zawadi. Kisha unapewa mlezi, na taratibu inakuwa lazima umwombe ruhusa: kusafiri, kuchumbia, kubadili somo. Simu za wazazi zinaanza kuitwa majaribu. Mnayofundishwa hutakiwi kuyasema nje.

Kuna mwenzetu mmoja wa bweni alinaswa hivyo. Alikuwa na kidaftari cha majina, na kila Jumapili jioni alipaswa kutoa hesabu ya watu aliowaalika. Jina langu lilikuwa ukurasa wa pili, na alama mbili za kuuliza pembeni. Aliacha maabara, akaacha hata mpira. Tulimshambulia kwa mistari ya Biblia na hakutusikia hata kidogo, kwa sababu walishamwambia tutafanya hivyohivyo. Kilichomsaidia ni jirani yake wa chumba, kijana asiye na dini yoyote, ambaye kila Alhamisi aligonga mlango wake wakaenda kula pamoja, na hakuwahi kuligusa jambo lenyewe. Yeye mwenyewe alilianzisha siku moja baada ya karibu mwaka, katikati ya chakula.

Ukiwa na wasiwasi, uliza ofisi ya kasisi wa chuo. Vikundi hivi wanavijua kwa majina, hata vilivyobadili majina.

Imani yangu inayumba. Sijui hata kama naamini. Naweza kuja?

Njoo. Usiombe kwa sauti kama hutaki, usiimbe maneno usiyoyaamini. Mwambie kiongozi wa kikundi kidogo ukweli, faragha. Akishtuka sana, tafuta kikundi kingine.

Naweza kupata mchumba huko?

Watu hupata. Ukija kwa ajili hiyo pekee, mabinti watakujua kabla ya wiki ya tatu, na wanaambizana.

Nimehudhuria miezi mitatu, kila mtu ananichekea, na bado niko peke yangu. Nakosea wapi?

Ujumbe huu niliupokea mara nyingi kuliko wowote, karibu kila Desemba, na karibu kila mara kutoka kwa mtu ambaye hakukosa hata jioni moja.

Ushirika mchangamfu una mtego wake. Watu wake wamezoea kupokea wageni, kwa hiyo mgeni anapokewa vizuri sana, tena na tena, kila wiki, anabaki mgeni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na wengi huusikia msemo huo kama ukali kwa mgeni. Mimi niliuelewa nikiwa ughaibuni: jembe ni fadhila. Asiye na jembe hana shamba, na asiye na shamba hakuna anayemtarajia asubuhi.

Kwa hiyo usingoje kupewa, omba. Omba zamu ndogo isiyo na heshima yoyote: kuosha vikombe, kubeba spika, kufungua mlango wa nyuma. Nakwambia zamu ndogo kwa makusudi. Anayepewa kuongoza nyimbo anatazamwa na wote na hasemeshwi na mtu. Wanaoosha vikombe wanasimama bega kwa bega kwenye sinki dakika ishirini, mikono ina kazi, macho yako kwenye povu, na hapo ndipo mtu anasema "wiki hii baba alilazwa" bila kulazimika kukutazama usoni. Rafiki zangu wawili wa kudumu niliwapata kwenye sinki. Vikombe vyetu vilikuwa thelathini na saba, na kimoja hakikuwa na mkono.

Utajua jembe limeshika siku utakayokosa. Kama saa tatu usiku simu inalia na mtu anauliza, "Leo vipi, uko salama?", umeshapata ulichokuwa ukikitafuta. Kama hakuna aliyepiga baada ya muhula mzima wa kuosha vikombe, basi kosa ni lao, na una ruhusa yangu kuhamia kikundi kingine.

Nimefiwa nyumbani na siwezi kusafiri. Nitawaambia nini hawa watu wasiomjua marehemu?

Waambie jina lake. Wengine hawatajua la kufanya, watakutumia ujumbe wa mistari miwili na kukupisha njia. Mwelekeze mmoja unachohitaji, kwa maneno ya wazi: "Kesho saa kumi na moja alfajiri wanazika, nataka mtu akae na mimi." Nilipofiwa na shangazi walikuja watatu. Simu tuliiegemeza kwenye rundo la vitabu, mtandao ukawa unakatika, picha inaganda kila mara kaburini. Hawakuelewa wimbo hata mmoja. Mmoja wao alikuwa akinishikia chaja kwa mkono kwa sababu waya wake ulikuwa umelegea, na aliishika hivyo saa mbili na nusu.

Msiba ukikaa muda mrefu, usingizi ukikimbia na masomo yakishindikana, nenda pia kwa mshauri wa chuo. Vyuo vingi huduma hiyo ni bure na ya siri. Maombi na mshauri havigombani.

Likizo chuo kinakuwa kitupu. Wenzangu wote wanakwenda kwao.

Sema mapema, mwezi mzima kabla. Familia nyingi za makanisani hupenda kualika wanafunzi wageni ila hazijui nani anabaki. Kiongozi wako akiwa na orodha ya majina matatu, kazi inakuwa rahisi.

Nikizoea tu, watu wanahitimu. Nianze upya kila mwaka?

Ndiyo, na inauma. Ushirika wa chuo ni kituo cha basi. Hiyo ni sababu nyingine ya kuwa na kanisa, ambako yule bibi wa miaka themanini haendi popote.

Chuoni kwetu hakuna ushirika wowote. Nianzishe?

Kwanza hakikisha kweli haupo. Mwulize mlezi wa harakati ya nchi hiyo, maana huenda upo chuo cha jirani, vituo viwili vya treni. Kama haupo, tafuta mmoja tu wa kusoma naye Injili ya Marko, ambayo ni fupi kuliko nyingine zote, sura 16. Siku moja, saa moja, mahali pamoja, bila kubadilisha. Wakifika watano ndipo mfikirie usajili. Vyuo vingi vitadai katiba fupi, idadi fulani ya wanachama, na majina ya mwenyekiti na mweka hazina. Niliowaona wakianza na nembo na fulana hawakufika mwaka wa pili.

Nikirudi nyumbani itakuwaje?

Utakuwa mgeni tena, na safari hii hakuna atakayekubandika karatasi ya jina kifuani. Ibada zitaonekana ndefu, au fupi. Utajikuta unasema "kule sisi" mpaka watu waanze kutazamana. Niliporudi, kinanda nilichokuwa nikipiga kilikuwa kimeshikwa na kijana niliyemwacha mtoto, tena anapiga vizuri kunishinda. Nilikaa benchi la nyuma miezi miwili nimenuna, mimi niliyewafundisha watu wa nchi ishirini habari za jembe, kabla sijaenda kumuuliza mzee wa kanisa ni nani anayepanga viti.